Mgeni wa Mlango wa Umba (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Babu amefungua sanduku la msaji na kutoa magazeti yaliyofungwa kwenye kikoi kikuukuu. Mara mtu akapiga hodi, mara moja tu, kisha kimya.

ENDELEA…

Babu hakwenda mlangoni. Alishusha utambi wa kandili, akanionyesha kwa kidole ninyamaze. Maji yalikuwa yakijaa. Tuliyasikia yakiingia mikokoni. Hodi haikurudi.

Akayarudia magazeti yake. Yalikuwa matoleo ya Mwongozi, gazeti la Unguja, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Aliyapata kwa manahodha, enzi ambazo jahazi lilitia nanga Vanga na hakuna aliyeulizwa pasi. Toleo moja lilikuwa nusu, limechanwa kwa mkono katikati ya ukurasa wa mbele.

"Nusu ya pili iko wapi, babu?"

"Anayo mtu. Alirudi Unguja mwaka 1963, tukagawana."

Kisha akanieleza juu ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, aliyewahi kulihariri gazeti lile. Hawakuonana hata siku moja. "Tumezaliwa mwaka mmoja, 1919," akasema. "Mimi nikashika nyavu, yeye akashika kalamu."

Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Ali Muhsin ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Siku sita baadaye Zanzibar na Kenya zikaingia Umoja wa Mataifa, siku moja. Lakini Oktoba ya mwaka huohuo, kwa makubaliano ya London, ukanda wa Mwambao wa Sultani ulikuwa umeshaachiwa Kenya, na ukanda wenyewe ulikoma hapa kwetu, mlangoni mwa mto Umba. "Siku ile nilikuwa na furaha mbili na jonzi moja," babu akasema, na jonzi lenyewe hakulitaja.

Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Waziri akatiwa ndani, akahamishwa kutoka gereza hadi gereza huko bara, zaidi ya miaka 10, bila kufikishwa mahakamani. Leo nina umri aliokuwa nao babu usiku ule, na hesabu hiyo bado inanikaa kooni: nchi yake ilikaa huru siku 33, yeye akakaa kifungoni miaka 10. Na kazi zake kubwa zilikuwa bado hazijatoka, tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili na kumbukumbu za maisha yake zilizochapwa 1997.

Mwaka 1974 akaachiwa. Nahodha mmoja wa Tanga ndiye aliyetuletea habari hiyo, na pamoja nayo ujumbe wa maneno matatu: "Mpokeeni mgeni wangu."

Hodi ikapigwa tena.

Safari hii babu alifungua. Kijana alisimama kizingitini, amelowa hadi kiunoni, ananuka tope la mikoko. Bibi akampa maji katika kata. Akayanywa yote ndipo akasema.

"Shikamoo mzee. Tumetoka Moa tangu magharibi. Mgeni nimemwacha mikokoni, amekatwa na chaza, hawezi kukanyaga."

"Marahaba. Ni nani huyo?"

"Jina sikuambiwa. Kanipa hii tu."

Akafungua kifundo cha nailoni. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi, kimekunjwa mara nne. Babu alikikunjua taratibu, akakilaza mezani kando ya gazeti lile la nusu. Akasogeza kidogo kwa kidole gumba. Mchano ukaingia kwenye mchano wake, herufi zikaungana, neno likasomeka zima.

Mikono ya babu ikaanza kutetemeka. Sikupata kuiona ikitetemeka, hata siku alipozika mwanawe.

"Bibi yako akuvalishe kanzu," akaniambia. "Twende."

Hatukufika uani. Mwanga wa tochi ulipenya kwenye nyufa za mlango, ukapita usoni mwa kijana, ukatua mezani juu ya karatasi zile mbili.

"Fungueni! Serikali!"

Na kutoka upande wa mikokoni, mtu akaita jina la babu kwa sauti kubwa.

ITAENDELEA