Ardhi ndiyo inayoamua usikivu wa antena ndefu milimani

WAPENZI wa redio wanaoishi katika milima ya Usambara, au wanaokwenda huko kupumzika, wana neema ambayo wenzao wa mijini wameikosa: nafasi ya kutandaza waya mrefu mbali na kelele za umeme. Hata hivyo, waya huo, hata ukiwa na urefu wa mita 300, hauwezi kuchagua upande wa kusikiliza iwapo ncha yake ya mbali haijaunganishwa vyema na ardhi.

Antena ya aina hiyo hujulikana kwa jina la Beverage, kutokana na Mmarekani Harold Beverage aliyepewa hataza yake mwaka 1921. Desemba mwaka huohuo, Mmarekani mwenzake, Paul Godley, aliitandaza huko Ardrossan, Scotland, na kusikia mitambo midogo ya watu binafsi iliyokuwa ikirusha mawimbi kutoka Marekani.

Waya huwekwa mita mbili hadi tatu juu ya ardhi, ukielekezwa kwenye kituo kinachotafutwa. Wimbi la redio linapopita, sehemu yake ya chini hukokotwa na udongo, nalo huinama mbele na kuzalisha umeme mdogo katika waya. Umeme huo huongezeka kadiri wimbi linavyosafiri kuelekea kwenye redio.

Ncha ya mbali ikiachwa wazi, antena husikia pande mbili, mbele na nyuma. Ikiunganishwa na ardhi kupitia rezista ya takriban omu 450, mawimbi yatokayo nyuma humezwa hapo badala ya kurudi kwenye redio.

Lushoto ni mfano mzuri wa umuhimu wa jambo hili. Nairobi iko upande wa kaskazini, ikiegemea magharibi. Dar es Salaam iko kusini, ikiegemea mashariki. Miji hiyo miwili na Lushoto iko karibu katika mstari mmoja. Kwa hiyo, waya uleule hupokea kutoka pande zote mbili, na rezista iliyofungwa kwenye ncha ya upande wa Nairobi ndiyo inayowezesha Nairobi kusikika na Dar es Salaam kufifia.

Mabondeni, ambako udongo ni mwingi na wenye unyevu, nondo ya shaba ya mita moja na nusu huweza kutosha. Kwenye miamba, kama ile ya Irente, nondo haizami. Hapo hulazwa nyaya kadhaa za mita 10 hadi 15 juu ya ardhi, zikitawanyika kutoka sehemu moja mithili ya miale ya jua.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta kituo kilicho nyuma ya antena, kisha ifungue rezista. Sauti ikiongezeka, ardhi inafanya kazi. Isipobadilika, ongeza nondo au nyaya. Kipimo hicho kirudiwe wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo uliokuwa mzuri wakati wa masika hukauka.

Aidha, ethi ya antena isiwe ileile ya umeme wa nyumba, kwani kelele za taa na chaja hupitia humo. Transfoma ndogo yenye nyaya za pande mbili zisizogusana, ikifungwa mahali waya unapoishia, huzuia kelele hizo.

Lililo kubwa zaidi ni usalama. Waya wa mamia ya mita unaweza kubeba umeme hatari hata radi ikipiga mbali, na hakuna ethi ya mwanahobi inayoweza kuhimili radi iliyoupiga moja kwa moja. Mawingu yanapoanza kutanda, waya uondolewe kwenye redio na kuachwa nje ya nyumba. Kamwe usipitishwe juu wala chini ya nyaya za umeme.