Nani Anaandika Hesabu Yako?

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi hapa Subukia walivaa hesabu shingoni. Hii haikuwa hesabu yao. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande: karatasi ndani ya kikebe cha chuma, yenye jina, alama za vidole, mwajiri, tarehe za kazi na mshahara. Mwajiri aliandika. Mfanyakazi alibeba tu.

Mlowezi naye alikuwa na daftari lake ofisini, na utaratibu wake ulikuwa wa zamani. Mwaka wa 1494, mtawa Mfransisko Luca Pacioli alichapisha Venice kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika hesabu. Kanuni yake ni rahisi: kila pesa ina ilikotoka na ilikoenda, kwa hivyo iandikwe mara mbili, na pande zote mbili zilingane. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka wa 1786, Mskoti William Playfair alichora biashara ya Uingereza kwa mistari na nguzo, ili mtu aone kwa jicho moja kile ambacho kurasa za tarakimu zilificha. Daftari na picha, basi, ni ndugu wa tangu zamani.

Uhuru ulipokuja, watu wa Nakuru walichanga pesa kwenye kampuni za kununua ardhi. Ushahidi wa mwanachama ulikuwa stakabadhi. Ndiyo maana nyumba nyingi huku bado zina karatasi zilizofungwa kwenye nailoni chini ya kitanda. Ukipoteza karatasi, utabaki kubishana na rejista ya mtu mwingine.

Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa. Tazama ile meseji yake vizuri: nambari ya muamala, kiasi, mpokeaji, tarehe, saa, salio. Si huo ni mstari wa daftari kabisa? Mamilioni ya Wakenya walianza kupokea hesabu iliyoandikwa vizuri bila kushika kalamu. Lakini wengi wetu hatukuisoma. Programu za mikopo ya simu zilipoingia, ziliomba ruhusa ya kusoma meseji hizo ili zipime nani akopeshwe. Yaani maandishi yalikuwa kwetu, na faida ya kuyasoma ikaenda kwingine. Kipande kilikuwa kimerudi, safari hii mfukoni.

Hapa ndipo kazi ya waandishi wa programu huru inaponivutia. Mwaka wa 2003 John Wiegley alitoa Ledger, programu inayosoma hesabu kutoka kwenye faili ya maandishi ya kawaida. Baadaye Martin Blais akaandika Beancount kwa wazo lilelile. Unaandika tarehe, kisha mistari miwili: mbolea, 2500, M-Pesa, toa 2500. Jumla isipokuwa sifuri, programu inakataa. Programu nyingine iitwayo Fava inasoma faili hiyohiyo na kuichora kwenye kivinjari: mapato kwa mwezi, matumizi kwa aina, mali ikipanda au kushuka. Pacioli na Playfair kwenye kompyuta moja kuukuu, hata bila intaneti.

Ile mistari miwili ina maana kubwa. Tuseme mama anatoa 3000 kwenye M-Pesa na kuziweka sacco. Picha iliyochorwa kutoka kwa meseji pekee itaonyesha ametumia 3000. Daftari la pande mbili litaonyesha pesa zimehama tu, bado ni zake. Na yale malipo ya maziwa yakipungua wakati wa kiangazi, Januari hiyohiyo ya karo, mchoro utamwonyesha pengo hilo mapema, kabla hajakimbilia mkopo.

Ila picha haijui kisichoandikwa. Kibarua aliyelipwa taslimu, mahindi yaliyouzwa kando ya barabara, deni la dukani: haya hayatumi meseji. Lazima mtu akae jioni ayaandike mwenyewe. Mchoro unaopendeza juu ya faili yenye mapengo ni uongo wenye rangi.

Faida ya faili ya maandishi ni kwamba inafunguka kwa programu yoyote, kama vile stakabadhi ya zamani inavyosomeka na yeyote anayejua kusoma. Kampuni ikifa, hesabu inabaki. Nasi tuna historia ndefu ya kuandikwa na wengine. Kalamu sasa iko kwetu.