Maji Ndani ya Upepo wa Reli ya Kati

Historia ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910, husimuliwa kwa mataruma, madaraja na injini za moshi. Upepo hausemwi, ingawa ndio unaosimamisha treni. Breki aliyoibuni George Westinghouse wa Marekani mwaka 1869, akaiboresha mwaka 1872, hutumia bomba refu lililojaa upepo chini ya mabehewa yote; shinikizo likishuka, breki hukamata zenyewe. Adui wa mfumo huo ni maji, na nadai kwamba ukame wa Dodoma umetufanya tumdharau.

Wapo wanaosema nchi isiyoona mvua kuanzia Mei hadi Novemba haiwezi kuleta maji kwenye breki. Hesabu inakataa. Chukua hewa ya kiangazi yenye nyuzi joto 25 na unyevu wa asilimia 30 tu: kila mita moja ya ujazo imebeba takriban gramu 7 za mvuke. Kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kompresa hulazimika kumeza mita tisa kupata moja yenye shinikizo mara nane ya lile la pwani. Gramu 63 zinaingia, lakini hewa hiyo ikishapoa inaweza kubeba gramu 23 tu. Arobaini zinabaki tangini zikiwa maji. Masika, au treni inapojaza matangi Dar es Salaam, yanakuwa mengi zaidi.

Kupooza, basi, hakuondoi tatizo. Kunalileta mahali tunapoweza kulishika. Hewa ikikandamizwa kwa mkupuo bila kupozwa inaweza kupita nyuzi 200, kwa hiyo kompresa nyingi hukandamiza kwa hatua mbili, zikiwa na mabomba ya kupoozea katikati na mwishoni. Kwa miaka mingi, kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono: fundi anafungua koki chini ya tangi, yanatoka maji yaliyochanganyika na mafuta, meupe kama maziwa, pamoja na vipande vya kutu. Siku asipofungua, kutu hiyo inasafiri hadi kwenye vali za breki.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba vikaushio, yaani vyombo vya kuondoa unyevu kwenye upepo wa breki, viliwafaa Wazungu wenye baridi ya kugandisha mabomba. Kweli, Dodoma maji hayagandi kwenye mabomba. Lakini vali iliyokwama kwa kutu haijali imekwamishwa na nini, na mlima wa kuingia uwanda wa kati hausamehe. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Siihusishi ajali hiyo na maji. Naitaja kwa sababu inaonyesha breki za njia hii zimebeba roho ngapi.

Treni za umeme zilizoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nazo zinahitaji upepo. Kikaushio cha minara miwili hufanya kazi kwa zamu: chembechembe za mnara mmoja zikifyonza unyevu, za mwingine zinakaushwa kwa sehemu ya upepo uliokwisha kukauka, pengine asilimia 15. Hasara hiyo inakubalika. Nisichokubali ni kuacha chembechembe zilizochakaa zikae humo kwa sababu tu nje ni kiangazi.