Msalaba katika nchi ya ngamia mia

Aprili 2, 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Jua lilikuwa halijachomoza Garissa wakati kikundi cha wanafunzi Wakristo kilipokusanyika katika chumba cha mihadhara cha chuo kikuu kwa maombi ya asubuhi. Wauaji wa Al-Shabaab waliwakuta humo, kisha wakaingia mabwenini. Siku hiyo waliuawa watu 148. Kesho yake, Ijumaa Kuu, makanisa nchini yalisoma kisa cha mateso ya Yesu kama yasomavyo kila mwaka, huku wazazi wakijipanga katika mochari ya Chiromo, Nairobi, kutambua miili ya watoto wao.

Zaidi ya miaka kumi imepita, na kumbukumbu hiyo inaporudi kuna usemi mmoja wa mimbarini unaoniudhi. Vijana wale huitwa dhabihu, eti damu yao imemwagika kwa ajili ya taifa. Maneno hayo husemwa kwa nia ya kufariji, lakini yanapingana na fundisho ambalo Kanisa limelibeba tangu mwanzo: kwamba Yesu alijitoa mwenyewe kwa ajili ya dhambi za watu, mara moja tu, na tangu hapo hakuna damu nyingine inayodaiwa na Mungu. Waraka kwa Waebrania unalirudia jambo hilo hadi msomaji hawezi kulikosa. Dhabihu hutolewa kwa hiari. Waliopigwa risasi alfajiri wakiwa katika sala hawakutolewa na mtu yeyote. Waliuawa. Mwuaji hana ukuhani, na mama aliyempoteza mwanawe hapaswi kuambiwa kwamba kifo kile kilikuwa na kazi ya kufanya.

Nimelitafuta fundisho hili katika historia ya Kaskazini Mashariki yenyewe, na nimekuta kwamba huku limewahi kujadiliwa kwa kina kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Lilifika kwanza kwa njia ya Mto Tana. Wamethodisti waliotamani kuwafikia Waoromo walifungua kituo Golbanti, na mwezi Mei 1886 mchungaji John Houghton na mkewe Annie wakauawa hapo na wapiganaji wa Kimaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza kazi Ngao, miongoni mwa Wapokomo. Juu zaidi, upande wa Wasomali, serikali ya kikoloni iliifunga wilaya yote ya mpakani: kuingia kulihitaji kibali, na wamishenari hawakukaribishwa kirahisi. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta na sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Walioleta makanisa Garissa, Wajir na Mandera kwa wingi walikuwa watumishi wa umma kutoka bara: walimu, wauguzi, askari na makarani. Wakapuchini wakapewa eneo la Kanisa Katoliki la Garissa mwaka 1976, nalo likawa jimbo kamili mwaka 1984 chini ya Askofu Paul Darmanin kutoka Malta.

Hao wote walikuja na fundisho la upatanisho, na waliwakuta watu ambao tayari walikuwa wanajua mengi kuhusu mnyama asiye na hatia anayechinjwa.

Nenda soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, siku chache kabla ya Iddi Kubwa. Mnunuzi hamtazami mbuzi usoni tu. Humfungua mdomo ahesabu meno, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa huku, mbuzi wa kuchinjwa awe ametimiza miaka miwili, ng'ombe miwili, na ngamia mitano. Humtembeza aone kama anachechemea. Humtazama macho yote mawili, humpapasa mgongo asije akawa amekonda hadi mifupa. Kipofu, kiwete, mgonjwa na aliyedhoofu hawafai. Mkristo anayesoma sura ya 22 ya Mambo ya Walawi atakuta orodha inayofanana na hiyo sana. Na akifika sura ya 16 atakuta mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho: mmoja anachinjwa, wa pili anawekewa mikono kichwani, dhambi za watu zinaungamwa juu yake, kisha anapelekwa jangwani na kuachiliwa. Mwanafunzi wa theolojia mjini Nairobi anahitaji kueleweshwa uzito wa picha hiyo. Mchungaji wa mifugo wa Dadaab au Habaswein anajua vizuri kinachompata mbuzi aliyeachwa peke yake nyikani.

Pamoja na hayo, dini hizi mbili zinaachana hapa. Udhhiya, yaani uchinjaji wa Iddi Kubwa, ni ibada na shukrani, ukumbusho wa utiifu wa Nabii Ibrahim, na nyama yake inagawiwa jamaa na maskini. Kurani inafundisha kwamba kinachomfikia Mungu ni uchaji wa mtoaji, si nyama wala damu. Hakuna Mwislamu anayemchinja mbuzi akidhani mnyama huyo amebeba dhambi zake.

Kitu cha pili walichokikuta wageni ni dia, ambayo Wasomali wenyewe huiita mag. Mtu akiua, ukoo wake unalipa. Wazee wa jamii za eneo hili walipokutana Modogashe mwaka 2001 kuandika masharti ya amani baina yao, waliweka fidia ya ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Mtu mmoja hawezi kulipa mali kama hiyo, na hatarajiwi kuilipa. Huchangiwa na ndugu wa upande wa baba ambao hawakushika bunduki, baadhi yao wakiwa hata hawamjui mwuaji kwa sura. Asiye na kosa anatoa ngamia wake ili mwenye kosa aishi na vita visilipuke. Mwanazuoni Mwingereza I. M. Lewis, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1961, alieleza kwamba vikundi hivi vya kulipa dia ndiyo nguzo ya siasa ya Wasomali wafugaji.

Ulaya ilikuwa na desturi ya namna hiyo. Huko nako uhai ulilipiwa kwa kadiri ya heshima ya aliyeuawa, na ni katika dunia hiyo Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipomaliza mwaka 1098 kitabu kilichoupa Ukristo wa Magharibi maelezo yake makuu ya msalaba: heshima ya Mungu imevunjwa, deni ni kubwa kupita uwezo wa mwanadamu, kwa hiyo Mungu mwenyewe akawa mtu ili alilipe. Abelard alimpinga, Calvin akaligeuza deni kuwa adhabu, na Gustaf Aulén wa Sweden akaandika mwaka 1930 kwamba Kanisa la kale liliuona msalaba kwanza kabisa kama ushindi. Hayo yanafundishwa vyuoni. Lisilofundishwa ni kwamba hoja ya Anselm ingeeleweka haraka zaidi chini ya mti wa wazee wa Wajir kuliko katika parokia nyingi za Nairobi.

Aliyeliona hilo mapema ni David Shenk, Mmarekani wa Kimenoni aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1937, mtoto wa wamishenari. Utoto wake uliangukia katika uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Rwanda na Uganda na kuwafikia Wamenoni wa Shirati mwaka 1942, ambapo Wakristo waliungama dhambi hadharani na kuizungumzia damu ya Yesu kila walipokutana. Baadaye alifundisha Somalia. Wamenoni walikuwa wameanza kazi huko mwaka 1953, na Julai 1962 mwenzao Merlin Grove aliuawa kwa kisu mjini Mogadishu alipokuwa akiandikisha wanafunzi. Mkewe Dorothy alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Mwaka uliofuata Somalia ikapiga marufuku kueneza dini nyingine. Wamenoni hawakuondoka. Walibaki wakifundisha na kutibu hadi walipofukuzwa mwaka 1976, na baadhi yao wakaendelea miongoni mwa Wasomali wa upande wa Kenya.

Shenk alikwishahamia Nairobi, akawa mhadhiri wa dini katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta. Katika idara hiyo alimkuta Badru Kateregga, Mwislamu kutoka Uganda, ambaye miaka ya baadaye alianzisha Chuo Kikuu cha Kampala. Wawili hao walifanya jambo ambalo sijui kwa nini halikurudiwa na wengine. Waliandika kitabu kimoja. Kateregga alieleza Uislamu na Shenk akajibu. Shenk akaeleza Ukristo na Kateregga akajibu. Sura kwa sura, bila mmoja kumkatiza mwenzake. Uzima Press ya Nairobi ilikichapa mwaka 1980.

Mvutano mkali wa kitabu hicho uko msalabani, na hakuna aliyejaribu kuulainisha. Kateregga anasimama imara: mwanadamu hazaliwi na dhambi ya kurithi, Adamu alikosea, akatubu, akasamehewa, mambo yakaisha, kila nafsi inabeba mzigo wake, Mungu ni mwingi wa rehema na akitaka kusamehe hahitaji mtu afe kwanza, na Isa, nabii mtukufu, hakusulubiwa bali Mungu alimwinua. Swali la rehema ndilo zito zaidi, na Wakristo wengi hawalijibu, hulikwepa. Kama Mungu anaweza kusamehe, damu ni ya nini?

Shenk halikwepi. Jibu lake linakwenda kwa Ibrahim, mtu ambaye wote wawili wanamheshimu. Waislamu wengi husema mtoto aliyelazwa kuchinjwa alikuwa Ismail, Wakristo husema ni Isaka, lakini pande zote zinakubaliana kwamba aliyemleta mnyama wa kumkomboa mtoto ni Mungu. Hapo, kwa Shenk, ndipo msalaba ulipo: kafara haitoki kwa mtu kwenda juu kumtuliza Mungu mwenye hasira. Inatoka kwa Mungu. Aliyekosewa ndiye anayelipa, na anayeumia ndiye anayesamehe. Kusamehe kwenyewe kuna gharama, asema, na gharama hiyo Mungu ameibeba katika Masihi.

Kateregga hakukubali, wala mwishoni hakubadili msimamo. Kitabu kinafungwa wakiwa wametofautiana na wakiwa marafiki. Nakiona kitabu hicho kuwa mojawapo ya kazi kubwa za dini zilizowahi kuandikwa Kenya, na inanisikitisha kwamba makasisi na wachungaji wanaotumwa Kaskazini Mashariki wanaweza kumaliza masomo yao bila kukifungua.

Mtu wa pili anayefaa kukumbukwa ni Ahmed Ali Haile, Msomali wa Bulo Burte aliyekuwa Mkristo tangu ujana, akaja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Daystar, Nairobi. Mwaka 1992, akishughulika na kupatanisha koo zilizokuwa zikipigana Mogadishu, alilipukiwa na kombora akapoteza mguu. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 2011, mwaka aliofariki, Haile anaeleza jinsi wazee wa Kisomali wanavyopatanisha: maneno yanasikilizwa hadi yaishe, dia inakubaliwa, mnyama anachinjwa, na waliokuwa maadui wanakula sahani moja. Katika mnyama yule aliona kivuli cha msalaba. Hakuhitaji Anselm kumfundisha hilo. Alilelewa nalo nyumbani.

Tangu miaka ile ya vita vya Mogadishu habari ni chache na nyingi zake ni za majonzi. Joseph Alessandro, Mkapuchini wa Malta, alipigwa risasi na majambazi mwaka 1993, akarudi kwao, kisha akakubali kuja tena na kuwa askofu wa Garissa. Julai 1, 2012 kanisa la AIC (Africa Inland Church) Garissa lilishambuliwa Jumapili asubuhi, watu zaidi ya 15 wakafa; viongozi wa Waislamu wakatangaza kwamba vijana wao watalinda makanisa. Yakafuata mauaji ya basi na ya machimbo ya mawe Mandera mwaka 2014, na chuo kikuu mwaka 2015.

Desemba 21 mwaka huohuo, karibu na El Wak, wapiganaji walisimamisha basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwao, alipigwa risasi, akafariki Januari 18, 2016 akiwa hospitalini. Najihadhari nisimvalishe kanzu isiyo yake. Alitenda kama Mwislamu, kwa imani yake, wala hahitaji kuongezewa theolojia ya Kikristo. Ila yeye alijitoa. Kati yake na wanafunzi wa Garissa kuna tofauti ambayo mahubiri ya Aprili yanapaswa kuijua.

Leo mimbari nyingi zimeliacha fundisho la upatanisho bila kulikana. Linatajwa Ijumaa Kuu, kisha mwaka mzima uliobaki unakwenda kwa miujiza, visa za kusafiria na sadaka ya mbegu, ambapo mtu anaambiwa atoe pesa ili Mungu amfungulie mlango. Hiyo ni kurudisha kwa mlango wa nyuma biashara ambayo msalaba ulikuja kuifunga. Mwislamu wa Garissa akisikia mahubiri hayo kwenye vipaza sauti, atawezaje kujua kwamba Ukristo unafundisha kuwa deni limelipwa?

Tangu mwaka 2022 jimbo la Garissa lina askofu Mkenya kwa mara ya kwanza, George Muthaka, naye ni Mkapuchini. Ningependa yeye na wenzake wa AIC na Anglikana waombe jambo moja dogo kwa walimu wa shule za sekondari za kaunti. Kipindi cha dini kikifika, wanafunzi wa CRE (dini ya Kikristo) huingia chumba kimoja na wa IRE (dini ya Kiislamu) chumba kingine, na pande zote hufundishwa habari za Ibrahim na mwanawe. Waketi pamoja kwa kipindi hicho kimoja. Mwalimu wa IRE aeleze kwanza bila kukatizwa, wa CRE ajibu, kisha wabadilishane zamu, kama walivyofanya Kateregga na Shenk.