Mama wa Mapacha wa Uigbo Hana Sanamu

Mary Slessor alifariki Januari 13, 1915, na kila tarehe hiyo ikifika, sifa za mmisionari huyo wa Scotland aliyewaokoa mapacha hurudi midomoni kusini-mashariki mwa Nigeria. Mjini Calabar ipo sanamu yake akiwa amepakata mapacha. Anastahili. Ila mwanamke aliyewazaa watoto hao hayumo.

Katika sehemu nyingi za Uigbo ya zamani, nchi ya Waigbo katika eneo hilo, mapacha, ejima, walihesabiwa kuwa unajisi mbele ya Ala, mungu wa ardhi. Binadamu huzaa mmoja. Kuzaa kwa mkupuo ni kwa wanyama. Vichanga vilitiwa katika chungu na kutupwa katika msitu wa laana, naye mama akatengwa. Waliosoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, wanamkumbuka Nneka: mara nne alizaa mapacha, mara nne wakatupwa, na kwa mimba ya tano akakimbilia kwa Wakristo.

Slessor alifika Calabar 1876, kwa Waefik, jirani za Waigbo wenye mwiko uleule. Mwaka 1878 wakuu wa Calabar waliafikiana na konsuli wa Uingereza kuukomesha. Bara haukukoma. W. P. Livingstone, mwandishi wa wasifu wake, anasimulia habari za Iye, mtumwa wa Okoyong, huko bara, aliyejifungua mapacha. Slessor alipokwenda kumchukua, ugomvi ukawa juu ya njia: ikipitwa na mama wa mapacha, nani ataikanyaga tena? Ikabidi kichaka kifyekwe, njia mpya ipatikane. Hebu mfikirie Iye, mzazi wa siku hiyohiyo, akisubiri panga zimalize kazi ndipo apite.

Huko Uigbo, mjini Onitsha, misheni ilikuwa imefunguliwa 1857 chini ya John Christopher Taylor, mwana wa Waigbo waliokombolewa utumwani. Katika nchi ya Waigbo, waliotangulia kubisha hodi misheni walikuwa waliotengwa, mama wa mapacha miongoni mwao. Kwangu mimi, hao ndio waliouvunja mwiko. Wamisionari waliwafungulia mlango.

Leo ejima hupokewa kwa shangwe, lakini mauti hayajawaacha. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa kusini mwa Sahara pacha mmoja kati ya watano hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi huzaliwa njiti, na mama huweza kuvuja damu nyingi. Mwenye mimba ya mapacha asijifungulie nyumbani. Apelekwe hospitali mapema.