Rumonge: Mgeni Anapofika Ziwani

Kila mwaka inapofika tarehe 29 Aprili, Warundi huwakumbuka waliouawa mwaka 1972, na jina la Rumonge halikosi kutajwa. Ni hapa na Nyanza-Lac, pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako moto ule uliwaka mapema kabisa. Siku tano baadaye, tarehe 4 Mei, hupita kumbukumbu nyingine ambayo nje ya Kanisa Katoliki wachache huijali. Siku kama hiyo mwaka 1881, wageni watatu kutoka Ulaya waliuawa papa hapa Rumonge.

Matukio hayo yametengana kwa miaka 91, lakini yanauliza swali moja. Mgeni anaposhuka chomboni katika pwani hii, nani atamkingia kifua?

Habari za wale wa 1881 zinatufikia zaidi kupitia maandishi ya wenzao, wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, ukapoteza watu njiani, ukagawanyika Tabora. Kundi moja lilielekea Ziwa Nyanza (Victoria), jingine likafika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Katikati ya mwaka huo huo, Padre Toussaint Deniaud na wenzake wakapanda na ziwa hadi Rumonge. Hiyo ndiyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi ya Burundi.

Pwani waliyoikuta haikuwa na mlinzi mmoja. Mfalme Mwezi Gisabo alitawala kutoka milimani, na mkono wake huku chini, katika tambarare ya Imbo, haukuwa mzito. Majini zilipita ngalawa za wafanyabiashara wa Ujiji, zenye chumvi, nguo, pembe za ndovu na watu waliofungwa. Miaka si mingi baadaye, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye pwani nzima ya ziwa ilimjua kwa jina la Rumaliza, angejaribu kuitia Burundi mkononi mwake kwa bunduki na kushindwa. Mtu wa ufukweni alikuwa na kila sababu ya kuogopa chombo kigeni kinachotia nanga.

Wamisionari nao walikuja na watoto. Lavigerie aliwaagiza wawakomboe watoto watumwa na kuwalea katika misheni, nao wakafanya hivyo kwa moyo wote. Lakini hebu tujiweke mahali pa mwanakijiji aliyekuwa akitazama. Mfanyabiashara anatoa nguo, anapewa mtoto, anasema amenunua. Padre anatoa nguo, anapewa mtoto, anasema amekomboa. Nguo ni zile zile, na mtoto haonekani tena kwao. Tofauti iliyokuwa wazi kama mchana ndani ya moyo wa Deniaud, huko nje nani aliieleza, tena kwa lugha gani?

Kulikuwa pia na silaha. Mapadre walisindikizwa na wasaidizi wa kilei, wengine wao askari wa zamani waliowahi kumtumikia Papa, waliotumwa ili misheni isivamiwe. Mmoja wao alikuwa Mbelgiji, Félix D'Hoop. Ulinzi huo ulikuwa na maana kwa aliyelindwa. Kwa jirani, mzungu mwenye bunduki anayekusanya watoto alikuwa jambo la kutisha.

Ugomvi ulizuka na majirani ambao wamisionari waliwaita Wabikari, watu wa mtemi Bikari. Chanzo chake, kwa maelezo ya misheni, kilikuwa mtoto mmoja aliyekuwa chini ya ulezi wao na ambaye Wabikari walimshikilia. Wamisionari walitaka arudishwe, maneno yakashindikana, ikawa vita. Jioni ya tarehe 4 Mei 1881, Padre Deniaud, Padre Dominique Augier na D'Hoop walikuwa wamekufa. Waliosalia waliondoka Rumonge na kuvuka ziwa hadi Masanze, upande wa Kongo. Jaribio jingine la kuweka misheni Uzige, karibu na Bujumbura ya leo, halikudumu, na Ukatoliki haukupata makao Burundi hadi misheni ya Muyaga ilipofunguliwa mwaka 1898.

Majina ya wafu hao watatu yamehifadhiwa na nchi walizotoka zinajulikana. Wanastahili heshima hiyo. Lakini mtoto aliyegombaniwa hana jina katika simulizi inayosomwa leo, na Wabikari wamebaki kuwa "wauaji" tu, bila neno moja walilosema wenyewe juu ya kile walichokiogopa. Historia ya Rumonge ilianza kuandikwa kwa upande mmoja, na tabia hiyo haijatuacha.

Wajerumani wakaja, wakatumia Kiswahili katika utawala wao. Wabelgiji wakafuata mwaka 1916, nao wakakitazama Kiswahili na Uislamu kwa jicho la mashaka. Uhuru ukapatikana tarehe 1 Julai 1962.

Kisha ikaja 1972. Jioni ya tarehe 29 Aprili waasi Wahutu walivamia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakawaua Watutsi bila kubagua mtoto wala mzee. Ripoti za wakati huo zilisema miongoni mwao walikuwamo Wakongo, na kwamba walipiga ukelele wa "mai Mulele", ule wa waasi wa Kongo wa mwaka 1964. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi kuliko uasi wenyewe. Kwa wiki na miezi, Wahutu walichukuliwa kazini, shuleni na majumbani wasirudi. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kufika hadi 300,000. Kiasi cha watu 150,000 walikimbilia Tanzania, ambako makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalikuja kuwa kwao kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Katika kishindo hicho, neno "Mmulele" likawa hatari kwa Mkongo yeyote wa pwani. Humo ziwani Wabembe wa Kongo na Warundi wamevua mukeke na ndagala pamoja, wakaoana, wakazikana. Ghafla asili ya ng'ambo ikawa tuhuma, na mvuvi wa miaka ishirini akageuka mgeni kwa usiku mmoja. Hilo ndilo lililo baya kuliko yote katika chuki ya aina hii, kwamba haimngoji mtu afanye kosa.

Waswahili wa Rumonge wanalijua jambo hilo kwa namna yao. Wamekuwa hapa tangu enzi za biashara ya ziwa, na lugha yao ndiyo ya soko na bandari. Hata hivyo katika Kirundi cha mitaani kumwita mtu "umuswahili" ni kumwita mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Katiba inagawa viti vya Bunge kwa Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, na kuwawekea Watwa viti 3. Mswahili asiyejihesabu humo hana fungu. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 Kiswahili kimepata heshima mpya shuleni, lakini jina la msemaji wake halijasafishwa.

Miaka ya karibuni imeleta wageni wengine. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliuawa kambini Gatumba, kaskazini mwa pwani hii. Kuanzia mwaka 2006 tume ya ardhi iliamua kwa miaka mingi mashauri ya waliorudi kutoka Tanzania na kukuta michikichi yao ina mwenyewe mwingine. Januari 2018, vita vilipozuka Fizi, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, maelfu ya Wakongo walivuka kwa mitumbwi ya uvuvi wakashukia Nyanza-Lac na Rumonge, wakapokelewa.

Tume ya Ukweli na Maridhiano imefukua makaburi ya halaiki sehemu nyingi za nchi, na Desemba 2021 ilitangaza kuwa yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 ni mauaji ya kimbari. Kazi hiyo ni ya lazima. Bado familia za Watutsi waliouawa siku za kwanza, na za Wakongo na Waswahili wa pwani, zinastahili kuandikwa kwa majina yao. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1972 leo amevuka sitini, na wazee wanaondoka. Vijana wa Rumonge wenye simu za kurekodia wawaendee sasa, Wahutu, Watutsi, Waswahili na Wabembe, na swali la kwanza liwe majina ya waliopotea.