Vigingi vya Sisibo

Mji wa Eldoret, msomaji, ulikuwa nambari kabla haujawa jina. Uasin Gishu ilipogawanywa kuwa mashamba ya walowezi, vilisimikwa vigingi, mistari ikavutwa baina yake, na kila shamba likapewa nambari. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na van Rensburg waliwasili kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64. Wenyeji wakapaita Sisibo, wakiifuata sauti ya nambari hiyo kwa Kiingereza. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912.

Sasa tuitazame elimu ya vigingi yenyewe. Vitatu visivyo katika mstari mmoja hufanya pembetatu. Je, vitano vilivyosimikwa ovyo, bila vitatu kupangana mstari mmoja? Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Budapest, Esther Klein alionyesha kuwa daima vinne kati yake hufanya umbo la pembe nne lisilobonyea ndani popote.

Shika kamba, msomaji, uvizungushie vyote. Kamba ikigusa vinne au vitano, kazi imekwisha. Ikigusa vitatu tu, viwili vimebaki ndani. Vuta mstari upite katika hivyo viwili: lazima vigingi viwili vya nje viwe upande mmoja wa mstari. Viunge na vile vya ndani, na umbo lako ni hilo.

Mwaka 1935 Paul Erdős na George Szekeres walithibitisha kuwa hata ukitaka pembe ngapi, vigingi vikizidi kiasi fulani havikosi kukupa umbo hilo. Pembe tano zataka vigingi 9. Pembe sita zataka 17, jambo lililothibitishwa kwa kompyuta na kutangazwa mwaka 2006. Kiasi cha pembe saba bado hakijathibitishwa.

Hoja hiyo haikuhitaji idhini ya gavana. Ni kweli Budapest, na ni kweli kando ya mto Sosiani. Lakini ina mpaka wake. Hueleza umbo litakalopatikana, haielezi ardhi ni ya nani. Wanandi walikuwa wakilisha mifugo yao katika nyanda zile kabla ya kigingi cha kwanza, na mstari wa mpimaji haukuwauliza neno. Basi, msomaji, jifunze kupima kwa usahihi; na kabla ya kusimika kigingi, uliza kwanza ni nani anayeishi hapo.